Nyumba ya Baba Tuliyoinunua

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba Erasto hakuvua viatu. Siku zote akija kwetu Masasi alivivua mlangoni, kisha ananitania, "Mke wangu, leo umeunguza nini?" Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na utani huo ni haki yake. Siku ile, wiki moja baada ya kuanua tanga la baba, alipita na viatu mpaka ndani, akakaa kwenye kiti cha baba, akaniita kwa jina langu.

"Severina, mwite mama yako."

Alimweleza mama kwa upole kwamba nyumba ilikuwa ya mjomba wake, na kwetu mali ya mjomba hushuka kwa mpwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimkumbusha kuwa alipokuwa kijana alifyatua matofali ya nyumba ile hadi mabega yakachubuka, na baba akamwambia, fyatua tu, unajijengea mwenyewe. Mama hakubisha, maana siku baba aliposema hayo alikuwepo, akiwapelekea uji. Erasto akasema hatatutupa nje. Kama mama anaitaka nyumba, ampe laki sita kabla ya mvua. Kama hawezi, arudi kwao.

Mama aliuza vitumbua sokoni. Laki sita hakuwa amewahi kuziona. Mwalimu mmoja jirani yetu alikwenda kumuulizia benki, akarudi na jibu kwamba wanataka hati, na nyumba yetu haikuwa na hati, ilikuwa na matofali tu.

Ilibaki njia ya korosho. Zamani zilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Miaka ile serikali ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi, na Masasi ikajaa watu wenye mizani zao na fedha mkononi. Waliokuwa na mikorosho waliweza kukopa kwao, wakiiweka rehani. Mkopeshaji anavuna misimu mliyopatana, kisha anakurudishia shamba.

Mama alimpata mnunuzi aliyeitwa Bwana Jafari. Alikuwa tayari kutoa laki sita zote kwa misimu minne ya mikorosho ya kijijini Chiwata.

Lakini mikorosho ya Chiwata ilikuwa yangu. Bibi, mama yake mama, aliipanda kwa mkono wake, na nilipotoka unyagoni alinishika mkono mbele ya wakubwa, akanitembeza kutoka kwenye kichuguu mpaka njiani. Akasema, hii ni ya Severina, mtu asiniulize tena. Shule niliiachia darasa la tano baba alipoanza kuugua. Cheti sina. Nilichokuwa nacho ni miti ile, na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kununua cherehani.

Habari ya rehani niliisikia kupitia ukuta wa jikoni, mama akizungumza na jirani. Mimi hakuniambia. Jumamosi aliniambia tu nivae khanga mpya, tunakwenda Newala kwa mjomba Nikolao.

Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na bila yeye Bwana Jafari asingetoa hata senti. Tulimkuta ameketi na wazee wawili. Bwana Jafari alikuwa amefika kabla yetu, na mkoba alikuwa ameukalia. Nilipiga magoti, nikawaamkia wote shikamoo. Mke wa mjomba akaniletea maji kidogo kwenye kikombe ninawe, akaangalia nisimwage, maana kwao maji ni ya kununua.

Waliongea mambo yote mbele yangu kana kwamba nimebaki Masasi. Mjomba akasema ukoo umeridhia miti iwekwe rehani, nyumba itakuwa ya dada yake, na baada yake ya mwanawe, si ya mpwa wa mtu. Wazee wakaitikia. Nilidhani yamekwisha.

Bwana Jafari akakohoa. Alisema kuna kijiji kimoja alikopesha kwa neno la wazee, msimu ulipofika mwenye miti akaja na panga, akisema hakuulizwa. Hataki tena mambo hayo. Akanigeukia.

"Binti, nasikia miti ni yako. Unakubali niivune misimu minne?"

Hakuna mwanaume mgeni aliyewahi kuniuliza neno mbele ya watu. Nilitazama kikombe. Nilikuwa na maswali. Msimu ukiharibika, unahesabiwa? Miche niliyoipanda mwenyewe upande wa njiani, na yenyewe imo? Mkono wa mama ulikuwa juu ya goti langu, umenibana.

Mke wa mjomba akacheka. "Mwali, ukinyamaza hivi siku ya harusi utaozwa beberu."

Watu wote wakacheka, nami nikazidi kuinama.

"Amekubali," akasema mjomba.

"Mzee, nilitaka kusikia sauti yake."

"Sauti gani? Hata mama yake tulipomuoza hakusema kitu, na ndoa ilikuwa ndoa. Binti wa kwetu akinyamaza, tumesikia. Huyu amelelewa."

Bwana Jafari alinitazama kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, kisha akafungua mkoba. Mjomba akaweka sahihi, mama akaweka dole gumba. Mimi naweza kuandika jina langu, lakini kalamu haikunifikia.

Erasto alipewa fedha zake, akaandikiana na mama mbele ya balozi wa nyumba kumi. Wiki ileile mama akapaka chokaa ukuta wa mbele. Erasto siku hizi anakuja tena, ananiita mke wangu, na mimi nampikia.

Msimu wa kwanza nilikwenda Chiwata. Nilikuta vibarua nisiowajua wanaokota chini ya miti, mmoja akaniambia nisogee, nakanyaga korosho za watu. Nikasogea. Msimu wa tatu ubwiri, ule ukungu mweupe wa mikorosho, uliunguza maua, Bwana Jafari akasema msimu usio na korosho haumo kwenye hesabu. Mjomba alisema ana haki, maana siku ya mapatano hakuna aliyeuliza. Msimu uliofuata ubwiri ukarudi. Sasa ni mwaka wa sita, na bado anavuna, pamoja na miche yangu ya njiani, ambayo imeshakua.

Juzi tulikuwa tunachambua mchele, mama na mimi, mlangoni. Akaitazama nyumba, akasema, "Mwanangu, ungekataa siku ile ningelala wapi? Nakushukuru ulikubali."

Nikamwambia, "Haya, mama." Akaendelea na mchele wake.

Jibu langu halikuwa hilo. Mama, mimi sikukubali. Ungeniuliza wewe, tukiwa wawili tu jikoni, ningekupa miti yote, hata na miche. Lakini hukuniuliza.