Usingizi Uliotiwa Kwenye Foronya

Chumba cha kufulia cha hoteli kiko chini kabisa, na mama alikuwa akipiga pasi mashuka huku kichwa kikimdondoka. Tangu mwenzake apunguzwe kazini alifanya zamu mbili, na usingizi wake haukujulikana ulikokwenda. Wiki iliyopita aliunguza shuka. Msimamizi akamwambia akiunguza lingine, asijisumbue kurudi. Bintiye, ambaye hakuwa na wa kuachiwa, alikaa ndani ya toroli la mashuka machafu akimwangalia, roho mkononi.

Mchana huo mama alipoanza kukoroma amesimama, mtoto aliamua kwenda kuutafuta usingizi wenyewe. Alichimba mashuka hadi chini ya toroli, akapenya, akatokea upande wa pili.

Huko kulikuwa na vilima vya pamba na ziwa la povu la sabuni. Mbuzi walivaa soksi, kila mmoja moja tu, kwa kuwa za pili hazijapotea bado huko juu. Kuku waligombania vifungo vya mashati. Mbuzi mmoja mzee alimwuliza shida yake.

"Natafuta usingizi wa mama."

"Mama yupi? Wa jikoni au wa pasi?"

"Wa pasi."

"Kamba ya tatu, mjukuu wangu. Wake umebaki huo mmoja, fanya haraka. Wageni wa juu wakishakula hushuka kuazima. Wao husema kuazima, lakini mimi sijaona aliyerudisha."

Usingizi wa wafanyakazi wote ulikuwa umeanikwa pale. Mtoto aliutambua wa mamake mara moja, kwa sababu ulikoroma kwa mluzi. Ulikuwa mzito, tena wa vuguvugu. Hakuwa na mfuko, basi akaokota foronya, akautia humo, akapenya tena hadi kwenye toroli na kumkabidhi mama.

"Umeutoa wapi?" mama aliuliza.

"Ulikuwa umeanikwa."

Mama aliukumbatia, akalia kwa furaha.

"Tusiufungue hapa. Tukifika nyumbani nitalala fofofo, hata ukinikanyaga sitasikia."

Kila anayetoka kazini hupekuliwa mlangoni. Mlinzi alifungua foronya, akachungulia.

"Dada, huu ni usingizi."

"Ni wangu, kaka."

"Najua ni wako. Si wewe unayesinzia hapa kwenye foleni kila jioni? Lakini foronya ni ya hoteli, na kilichomo ndani ya kitambaa cha hoteli ni cha hoteli. Ungeubeba mikononi, ningekupisha."

"Mimi ndiye niliyeutia," mtoto alisema.

"Utaratibu hauulizi nani, mwanangu."

Msimamizi aliitwa. Aliubonyeza usingizi kama anayechagua parachichi, akasema unafaa. Upelekwe ghorofa ya tatu, kuna mgeni amelalamika siku nzima.

"Na ushukuru siiti polisi," alimwambia mama.

Mama alishukuru. Hilo ndilo lililomuuma mtoto kuliko yote.

Njiani mama alimwambia si kosa lake, akarudia tena na tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka mno kukasirika. Mtoto hakumwamini. Usiku mtoto alilala, mama akakodoa macho darini.

Asubuhi mgeni wa ghorofa ya tatu alishuka mapokezi amechangamka, akasifu godoro. Mashuka yake yaliletwa chini yakiwa bado na joto. Mama aliyatia kwenye mashine, akajimwagia maji usoni, akawasha pasi.