Mtambo Namba Saba

Tairi la mwisho lilitoka kwenye mtambo namba saba saa tatu kasorobo asubuhi, likifuka mvuke. Ahamefula, msimamizi wa zamu, akalishusha mwenyewe kwa ndoana, akalipapasa kwa kiganja kilichoota sugu, akitafuta uvimbe. Haukuwapo. Miaka ishirini na sita alikuwa akiivisha mpira katika kiwanda cha Veldaine pale mjini Aba, na hata siku ya kiwanda kufungwa, mkono wake haukujua kulipua kazi.

"Walifute vumbi tairi hilo," alisema Bwana Ehigie, mkuu wa utumishi, akiingia na tai mpya shingoni. "Mkurugenzi atapiga nalo picha. Na wewe, mzee, vua ovaroli. Kuna shati ofisini kwangu."

"Shati la nini?"

"Leo wewe ndiye bwana harusi. Ukurasa wa kumi na tisa, jisome mwenyewe."

Akamwachia kijitabu chenye karatasi za kung'aa. Kilikuwa historia ya Kampuni. Kilianza na babu mmoja huko Ulaya aliyekuwa akiziba pancha za baiskeli, kikaja kwa wanawe, kikaja kwa wajukuu wenye viwanda katika nchi kumi na nne. Yalikuwapo mashamba ya mpira ya upande wa mji wa Benin, miti imejipanga kama askari. Haikuandikwa popote kwamba kuanzia mwezi ujao utomvu wa miti hiyo ungepakiwa melini kwenda Asia, kisha urudi Aba ukiwa tairi. Kampuni ilisema hivyo ndivyo rahisi. Dizeli ya jenereta ilikuwa inawamaliza, na watu walikuwa wananunua matairi yaliyokwisha tumika Ulaya.

Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na picha yake, kijana, masharubu meusi. Chini yake paliandikwa: *Wakati wa mgomo haramu, Ahamefula Nwogu alithubutu kusema ukweli kuhusu usalama wa mitambo yetu. Uaminifu wake uliokoa kiwanda.*

Ahamefula aliketi juu ya ndoo.

Ilikuwa miaka kumi na mitatu iliyopita. Enyinnaya alikuwa mwenzake wa zamu. Walikula sahani moja, wakaazimana makoti ya mvua. Kinga ya mtambo namba saba, ule mlango wa chuma unaozuia mtu asifikiwe na kalibu ya moto inayobana tairi, ilikuwa imekufa wiki tatu. Waliripoti wote wawili. Jumanne moja mtambo ukajifunga juu ya mkono wa Enyinnaya, ukaupika mpaka kwenye kiwiko. Wafanyakazi wakaweka vyombo chini. Siku ya nne Ahamefula akaitwa ghorofani, akakuta taarifa imekwisha pigwa chapa: kinga ilikuwa nzima, mfanyakazi aliifungua mwenyewe kwa haraka zake. Kando yake ilikuwa barua ya kumpandisha cheo awe msimamizi. Mkewe alikuwa na mimba ya nne. Alitia sahihi. Hata kalamu ilikuwa yao.

Enyinnaya alirudishwa nyumbani mikono mitupu, kama mikono ni neno la kutumia. Mgomo ukafa. Jumapili iliyofuata, kiwanda kikiwa kitupu, kinga mpya ikafungwa. Na tangu siku hiyo Ahamefula alizunguka mitaa mitatu ili asipite kwa rafiki yake. Hata Enyinnaya alipofariki, mwaka juzi, alituma salamu kwamba yuko zamu.

Alitoka na kijitabu, akamkuta Ehigie akipanga viti vya sherehe chini ya hema.

"Bwana Ehigie, ukurasa huu utolewe."

"Utolewe vipi? Nakala elfu moja, zimechapwa Lagos. Halafu ni sifa, mzee! Wenzako wanaondoka na barua tu, wewe unaondoka ukiwa historia."

"Yaliyoandikwa si kweli."

Ehigie aligeuka kutazama nyuma, akashusha sauti. "Ile sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi. Nenda kavae shati."

Mkurugenzi alizungumza nusu saa nzima. Alisema Veldaine ni familia, na familia haifungwi kwa kufuli. Kisha jina la Ahamefula likatajwa, akapewa kipaza sauti. Alikuwa ameyapanga maneno moyoni tangu asubuhi. Mbele yake walikaa watu mia tatu, macho kwenye meza yenye barua zao za kuachishwa kazi, ambazo zingegawiwa hotuba zikiisha.

"Asanteni," alisema.

Wakapiga makofi. Mpiga picha akamwomba asogee karibu na tairi.

Mchana, akiwa bado na shati la watu, alikwenda Barabara ya Ngwa. Ihuoma, mjane wa Enyinnaya, alikuwa akichoma mahindi na matunda ya ube kando ya njia, akipepea makaa kwa kipande cha boksi. Wateja kama watano walikuwa wakisubiri.

"Shemeji Ahamefula," alisema bila kuinua kichwa. "Leo jua limechomoza magharibi."

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya miaka miwili? Si itakuwa imechacha?"

"Ihuoma, nisikilize. Kinga ilikuwa mbovu. Enyinnaya hakuifungua. Nilitia sahihi uongo."

Kipande cha boksi kilisimama hewani. Moshi ukampanda usoni, naye hakuufukuza.

"Unajua alikuwa akiniambia nini?" alisema hatimaye. "Mimi nilimwambia, hawa watu wamekudhulumu. Akanijibu: 'Ahamefula ni ndugu yangu, hawezi kunisingizia. Akisema niliifungua, basi niliifungua. Ni maumivu tu yamenisahaulisha.' Watoto wakifukuzwa shule, ananiomba mimi radhi. Usiku anajiuliza, kwa nini nilikuwa na haraka? Amekufa akijilaumu, shemeji. Alikuamini wewe kuliko mkono wake mwenyewe."

"Nisamehe," alisema Ahamefula.

"Mimi? Kwani mkono ulikuwa wangu?"

"Mama, hayo mahindi yanaungua," alilalamika kijana wa bodaboda.

Ihuoma akayageuza, akamfungia mawili kwenye gazeti. Kisha akamtazama Ahamefula kwa mara ya kwanza.

"Siku ile ulitia sahihi mbele ya nani?"

"Meneja. Wakili. Na karani."

"Watatu. Hapa wapo watano. Sema."

Akasema. Alitaja jina lake, akataja mtambo, akataja wiki tatu walizoripoti bila kusikilizwa. Lori lilipita likaimeza sauti.

"Rudia," alisema Ihuoma. "Hawajasikia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka kwenye sahihi. Mwanamke mmoja aliyebeba beseni la mihogo alishika kifua. Kijana wa bodaboda aliacha kutafuna.

"Hao watu wako wapi? Si washtakiwe!" alifoka kijana.

"Wameondoka leo," alisema Ahamefula. "Kiwanda kimefungwa."

"Sasa atashtakiwa nani?"

Kijana akasonya, akawasha pikipiki. Ihuoma alimenya hindi jingine, akaliweka juu ya waya.

"Kesho Jumamosi," alimwambia Ahamefula. "Njoo nyumbani. Watoto wa Enyinnaya watakuwapo wote, nao hawajasikia."