Mtu wa Kumi

Chupa moja ya chanjo ni ya watu kumi. Ikifunguliwa isipokwisha siku ile ile, inamwagwa. Ndiyo maana nesi wa zahanati yetu haigusi mpaka watu kumi wawe wamekaa kwenye benchi, hata kama wa kwanza amefika alfajiri.

Mimi nilichanjwa zamani, maana nafua mashuka ya hospitali kubwa na sisi ndio tulioanza. Siku hiyo nilimsindikiza mdogo wangu. Figo yake ya kushoto ilikuwa itolewe baada ya wiki mbili na siku moja. Daktari alishasema bila chanjo hampasui, na nesi akasema mwili unahitaji wiki mbili kujenga kinga. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena.

Nilikaa mwisho wa benchi kwa sababu ya miguu, nikavua na kiatu cha kulia kinachobana kidole. Mlinzi akahesabu vichwa, akafika kumi, akafunga geti.

Nesi akaja na daftari. "Bibi, kadi yako?"

"Mimi nimeshachanjwa, mwanangu. Nimejipumzisha tu."

"Basi mko tisa. Sifungui."

Mlinzi akajikuna shingo. Alikuwa ameshamrudisha mtu, yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara.

"Dada," mdogo wangu akasema, "umeikalia chanjo yangu." Akacheka peke yake.

Ilipasa nione aibu, au niogope. Tangu mume wangu afariki, mambo hayo yananipita kama maji juu ya nailoni. Nikavaa kiatu, nikavuka.

Fundi alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Akaitemea kiganjani.

"Bibi, nimefukuzwa mbele za watu kama mwizi wa kuku! Kosa hilo ni la nani?"

"Langu. Nilikaa pasipo pangu. Twende."

"Siendi. Labda Mungu kaniepusha. Mzee wako si alichanjwa? Yuko wapi?"

"Kaburini. Alichanjwa Jumanne, Alhamisi akaanza kukohoa. Kinga ilikuwa haijajengeka."

"Na mwalimu wa hapo nyuma? Kachanjwa mara mbili na kaugua."

"Kaugua. Kalala siku tatu kitandani kwake, kaamka anagomba supu haina chumvi."

"Kwa hiyo inazuia au haizuii?"

"Mimi niliishia darasa la saba, ya wataalamu usiniulize. Nakuambia ninachofua. Mwaka jana wodi ya ugonjwa huu ilikuwa inanishushia mashuka mia na ishirini kila asubuhi. Jana yamekuja kumi na manane."

Akageuza kiatu alichoshika, akakitazama soli. "Labda wagonjwa wamekwisha kufa wote."

"Hivyo viatu umeletewa na nani, mizimu?"

Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaziba mdomo haraka na kunitazama.

"Yule mlinzi aniombe radhi," akasema.

Mlinzi alikuwa anatusikiliza getini. "Samahani, mkubwa! Nimekosa, nimekosa tena!"

Fundi akafunika misumari yake kwa kitambaa, akanifuata.

Nesi akafungua chupa. Mdogo wangu alikuwa wa nne. Fundi akawa wa mwisho, amegeukia ukuta na kufumba macho, mwanamume mzima mwenye ndevu. Tukakalishwa robo saa ili tuangaliwe. Nesi akasema watu wakijitokeza hivi, huenda mwakani tukaacha barakoa. Wawili watatu wakapiga makofi.

Mdogo wangu alikuwa amebana pamba begani. "Nimepata, dada. Furahi basi."

"Nimefurahi."

"Mbona uso wako haujapata habari?"

"Utapata," nikamwambia. Nikamshushia mkono wa gauni, nikamfunga kifungo, maana yeye mkono wake ulikuwa umeanza kuwa mzito.