Kifaru cha Yegor

"Ndicho?" Mama Kapitolina aliniuliza hata kabla hajavua koti.

"Kaa kwanza, unywe chai," nikamjibu. Sipendi kuharakishwa. Kazi yangu ni kutambua vifaru vyetu vya kivita vilivyoachwa njiani mwaka 1941, Wajerumani walipotuvamia, kwa picha ambazo askari wa Kijerumani walipiga wakapeleka kwao. Wajukuu wao sasa wanaziuza. Hapa Pskov, Urusi, kila mtu ana babu aliyepotea, na kila mtu anaona kifaru chochote ni cha babu yake. Mimi bila alama tatu sisemi. Waniite mbishi, shauri yao.

Niliweka picha mbili mezani. Yake ilikuwa ya baba yake, Yegor, dereva, ameegemea kifaru kabla ya vita. Ya pili, Mjerumani anacheka juu ya kifaru kilichonasa mtaroni.

"Linganisha zote mbili. Kishikio kimepinda. Kiraka cha kuchomelea, hiki hapa. Na gurudumu hili si la aina ya wenzake. Ndicho, Mama."

Hakulia. Mimi nami sikuhisi kitu. Siku hizi sihisi.

"Na yeye mwenyewe?"

"Ona, mfuniko wa dereva uko wazi. Alitoka." Nikajiona nimempa zawadi. Mjinga mimi!

"Alitoka," akarudia taratibu. "Basi nikaendelee kumwashia mshumaa pamoja na wazima."

Ndipo nikaelewa. Kanisani kwetu, aliyepotea vitani huombewa afya pamoja na walio hai, mpaka ijulikane kwa hakika amekufa. Mama yake Kapitolina alikataa katakata mume wake awashiwe mshumaa kwenye meza ya marehemu, na alipokuwa anakata roho akamwapisha binti yake. Sasa Yegor angekuwa amepita miaka mia.

"Nimechoka, Arseni. Nataka kumzika tu. Na wewe una picha nyingine, macho yako yanakimbiakimbia."

Nilikuwa nayo kwenye droo. Nilikuwa nimeificha kwa kumwonea huruma. Nikaitoa. Kifaru kile kile, kwa upande wa pili. Mtaroni, chini ya mfuniko ule wa dereva, amelala mtu kifudifudi, wamemvua viatu.

Aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Ni yeye?"

"Uso hauonekani, Mama. Kwenye kifaru hakuwa peke yake. Sina alama hata moja, siwezi..."

"Hebu niondolee alama zako! Nina miaka sabini na tatu. Nikifa mimi, nani atamtoa kwa wazima? Sema, mwanangu."

Sijawahi kusema bila alama. Nikasema, "Ni yeye."

Aliitikia kwa kichwa, akavaa koti lake. Kanisa liko ng'ambo ya barabara. Nilimsindikiza kwa sababu ya barafu. Alinunua mshumaa, na miguu ikampeleka kwa mazoea upande wa wazima. Nikamshika kiwiko, nikamgeuza. Mbele ya meza ya marehemu mkono wake ukakwama hewani.

"Maisha yangu yote namwombea afya," akasema, wala hakuwa akinitazama. "Afya njema, baba, afya njema. Kumbe amelala mtaroni, hana hata viatu."

Nilingoja nilie. Sikulia. Nikamshikia mkoba, akauwasha mshumaa.