Mtoto Anacheza?

Kila Alhamisi, kabla ya vipimo, nesi Leonsia aliwafundisha wajawazito dalili za hatari katika kliniki moja ndogo ya Mkuyuni. Alikuwa mwenye haya. Somo alilijua kwa moyo, lakini alilisema akiutazama ukuta. Kutokwa damu. Kuvimba uso. Kichwa kuuma sana. Alhamisi moja, alipofika kwenye mtoto kuacha kucheza, mkono ukainuka benchi la nyuma.

"Mtoto yupi huyo, sista?"

Alikuwa Mhoja, mama Ngosha wa Mabatini, mwenye mimba ya miezi minane.

"Wa tumboni, dada."

"Wa tumboni anacheza nini?"

"Singeli!" mmoja akadakia, benchi zima likaangua kicheko.

Mhoja hakucheka. "Wiki iliyopita uliniuliza pale mezani, mtoto anacheza? Nikakwambia anacheza kutwa, hachoki. Nilikuwa namaanisha Ngosha, mwanangu wa nyumbani. Huyu wa tumboni mimi nasema anatembea. Na siku ile alikuwa ameacha kutembea tangu juzi yake."

Kicheko kikakatika. Leonsia aliikumbuka siku ile. Foleni ilifika mlangoni. Aliuliza bila kuinua kichwa, akaandika "anacheza" kwenye kadi, na hatua ya kusikiliza mapigo ya mtoto akairuka ili wengine wawahi.

Alimlaza Mhoja kitandani, akaweka kifaa tumboni, akainama. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Moyo aliousikia ukidunda ulikuwa wake mwenyewe.

Daktari Clavery alipima kwa ultrasaundi, akaitazama skrini kwa muda mrefu. Kisha akamvuta Leonsia pembeni. "Mwambie wewe, amekuzoea," akanong'ona, akatoka.

Leonsia alirudi kitandani. Akautazama ukuta.

"Mama Ngosha... mtoto ametulia."

Uso wa Mhoja ukachangamka. "Asante Yesu! Kumbe kalala tu! Nami siku zote hizi nalia bure. Basi ngoja niwahi, sista, Ngosha nimemwacha kwa jirani, na yule mama hana subira."

Akashuka, akaanza kujifunga kitenge. Leonsia alimtazama akikaza fundo juu ya tumbo lile. Mlango ulikuwa wazi; hatua nne tu na Mhoja angekuwa nje, na furaha yake. Akamshika mkono.

"Hapana, dada. Hajalala. Mtoto wako amekufa. Na mimi sikukuuliza vizuri, wala sikumsikiliza."