Viti Vinne kwa Saa Kumi

Barua ilifika Jumatatu, nikaisoma mwenyewe. Shule ya mchana sikuiona, lakini masomo ya jioni yalinifundisha kuisoma barua ya serikali mpaka mhuri wake. Ilisema mwanafunzi haruhusiwi kwenda kusomea urubani nje ya nchi mpaka apate leseni ya kwanza hapa nyumbani.

Mjukuu wangu wa kike alikaa kwenye ngazi ya karakana yangu, kashika tama. Chuo cha nje kilikuwa kimemkubali, tena kwa nusu ya bei.

"Hapa wanatoza kila saa ya kuruka, Babu. Mchango wote wa ukoo unafika saa thelathini. Leseni inataka arobaini."

"Basi zimepungua kumi tu."

"Kumi za angani, Babu, si za kupiga soga."

Kesho yake nilivaa koti, tukaenda chuo cha hapa. Mkuu wa chuo, mama mrefu aliyerusha ndege miaka ishirini, aliniamkia shikamoo kwa heshima, kisha akanikatalia kwa heshima ileile. Saa za bure hana. Hata ndege hana za kutosha: mbili zimelala bandani, mkaguzi kazikataa kwa sababu viti vimechanika.

"Vimechanika?" nikauliza. "Mwanangu, unaongea na nani? Nimeshona viti miaka hamsini."

Tukapatana hapo hapo: viti vinne kwa saa kumi. Fundi mitambo wa chuo akanipa kitambaa kisichoshika moto na sponji yenye cheti chake, pamoja na karatasi ya vipimo. Mimi nishone, yeye akague.

Vipimo nilivitupia jicho tu. Nani anifundishe kiti? Niliweka sponji tabaka mbili, nikakivimbisha kila kimoja kama kochi la sebule ya mkwe.

Alhamisi tukavifunga. Mkuu wa chuo akapanda, akakaa, kichwa kikagonga paa.

"Mzee," akasema, shingo kaipinda kama kuku anayesikiliza, "kochi ni zuri. Ila mbele sioni."

Fundi mitambo akaleta mizani. "Kila kiti kimezidi kilo mbili. Ndege inapimwa uzito mpaka mto wa kiti, mzee wangu. Mkaguzi anakuja kesho saa nne. Akivikataa, ndege hazitoki."

"Na saa kumi?" mjukuu wangu akauliza.

"Hakuna ndege, hakuna saa," akasema mkuu wa chuo, na sikumlaumu.

Katika miaka hamsini hakuna kiti kilichowahi kunirudia. Vinne kwa mpigo! Nilitaka kusema paa ndilo fupi. Nikamtazama yule mtoto, nikayameza maneno. Nikachukua kiwembe, nikaanza kufumua.

"Nisomee hiyo karatasi," nikamwambia. "Polepole."

"Unene, sentimita sita."

"Sita? Hiyo ni chapati!"

"Babu!"

"Haya, sita."

Alisoma, nikakata. Alishika kitambaa, nikashona. Kabla jua halijazama tulikuwa tumemaliza, vidole vikiniwaka moto.

Ijumaa mkaguzi alivuta mishono, akabonyeza sponji, akapima kila kiti mara mbili. Kisha akatoa kalamu. Sahihi ilipokauka, mkuu wa chuo alifungua daftari, akaandika jina la mjukuu wangu na mbele yake saa arobaini kamili.

"Mbona umesimama?" akamwambia. "Panda, tuanze ya kwanza."

Waliruka. Nilisimama na fundi mitambo, shingo juu, mdomo wazi, mpaka akanicheka.

Waliposhuka, binti alikuja mbio. "Babu, nimeigeuza mwenyewe! Angani! Mwenyewe!"

"Na kiti?"

"Kiti gani?"

Alikuwa amesahau kabisa kwamba alikaa. Fundi wa viti hapewi sifa kubwa kuliko hiyo.