Mtungi Unaovuja

Karani alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, lakini ngazi za nyumba aliyopanga zilimfanya atwete kama bibi kizee. Kazini alikaa kutwa akiingiza namba za vifurushi kwenye kompyuta. Hata chai aliletewa mezani. Wenzake walimbandika jina: Kiti.

Mtaalamu wa viungo alimpa zoezi moja. Alale chali, akunje magoti, aweke mkono juu ya kitovu. Avute hewa puani hadi tumbo liinuke, kisha aitoe polepole katikati ya meno huku akikaza misuli ya tumbo.

Jioni ya kwanza alitandika mkeka nyuma ya mlango, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Akavuta. Akatoa. Sssss.

Mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Binti! Fungua! Mtungi wako wa gesi unavuja!"

Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu kabisa, mama mtu mzima mwenye ndala miguuni, amekumbatia ndoo ya nguo. Aliingia bila kungoja kukaribishwa, akafungua dirisha, akainamia mtungi, akanusa.

"Ni mimi, mama," karani alisema. "Nafanya mazoezi ya pumzi."

"Kumbe anayevuja ni wewe!" Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. "Roho ilishanitoka, mwanangu!"

Alipoondoka, chumba kilibaki na harufu ya sabuni. Tangu karani ahamie hapo, hakuna mtu aliyekuwa ameugonga mlango ule.

Kesho yake alilaza kichwa karibu na kizingiti, akapuliza kwa nguvu zaidi. Ndala zilikuja, zikapunguza mwendo.

"Vuja tu, mwanangu!" mama alisema huko nje, akapita zake.

Ikawa hivyo kila jioni. Tumbo lilikaza, pumzi ikarefuka. Mlango haukugongwa tena.

Hatimaye karani alipanda mwenyewe hadi juu kabisa. Alifika bila kuhema, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akagonga.

"Kuna nini, binti? Gesi?" Mama alikuwa na simu sikioni.

"Hapana, mama. Nilikuwa napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Huko juu ni paa." Mama alimtazama kidogo. "Ngoja, naongea na mwanangu."

Akarudi ndani. Mlango aliuacha nusu wazi.

Karani alibaki ngazini, mkono juu ya kitovu. Alitoa pumzi kimyakimya, asije akakosa kusikia ndala zikirudi.